Namna ya kusoma miungu ya kale katika chapa za Ulaya

Chapa za Ulaya, yaani picha zilizochapwa kwenye karatasi, zilizotoka Nuremberg, Roma au Haarlem kati ya miaka ya 1480 na 1620 zimejaa watu wa ajabu: mwanamke uchi amesimama juu ya tufe, mzee wa ndevu ameegemea mtungi unaomwaga maji, mtoto mwenye mabawa na upinde, na chini kabisa mistari miwili ya Kilatini. Makumbusho huandika jina fupi, labda "Nemesis" au "Hukumu ya Paris", halafu yanakuacha hapohapo.

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kulivuka hilo jina. Kitu alichoshika mtu kwenye picha kitakwambia yeye ni nani, ila anafanya nini pale hutajua mpaka uone amewekwa na nani na maandishi yanasemaje. Wengi huishia kwenye jina na kudhani wamemaliza.

Jambo moja la kuwekana sawa: chapa hizi hutumia majina ya Kirumi hata kisa kikiwa cha Kiyunani. Zeus huitwa Jupiter, Hera ni Juno, Athena ni Minerva, Hermes ni Mercurius na Poseidon ni Neptunus. Nami nitayatumia hayohayo.

Hatua ya 1: Pata picha kubwa, na usiiamini kushoto wala kulia

Rijksmuseum ya Amsterdam, British Museum ya London na Metropolitan Museum ya New York zimeweka mtandaoni chapa nyingi mno, na kuziangalia ni bure. Tafuta picha unayoweza kuikuza mpaka uone mistari ya fundi. Ile uliyotumiwa kwenye simu haifai, kwa sababu ushahidi mwingi umo kwenye vitu vidogo: ncha ya fimbo, kofia iliyotupwa chini, ndege aliyejificha nyuma ya mguu.

Kisha kumbuka chapa inavyotengenezwa. Fundi huchonga ubao au bamba la shaba, hulipaka wino, na karatasi hugandamizwa juu yake. Picha hutoka imegeuka, kulia kumekuwa kushoto. Mafundi wakubwa walilijua hilo wakachonga kinyume ili picha itoke sawa. Wanakili wengi hawakujisumbua. Mwaka 1557 huko Lyon zilitoka chapa za mbao za Bernard Salomon zinazosimulia visa vya mshairi Mrumi Ovidius. Mwaka 1563 huko Frankfurt zikatoka za Virgil Solis, na nyingi ni zilezile za Salomon zilizogeuzwa. Kwa hiyo ukiona shujaa anapigana kwa mkono wa kushoto, usiharakishe kutunga maana kuhusu upande wa shari. Huenda unaangalia nakala tu.

Hatua ya 2: Soma maandishi kabla ya picha

Anza na kona za chini. Utakuta vifupisho vya Kilatini vinavyogawa kazi: *inv.* ni aliyebuni mchoro, *pinx.* ni aliyeupaka rangi kama ulitokana na picha ya rangi, *del.* ni aliyeuchora, *sc.* au *sculp.* ni aliyechonga bamba, *fec.* ni aliyetengeneza, na *exc.* ni mchapishaji, yaani mwenye biashara. *Cum privilegio* inamaanisha mtawala ametoa kibali cha kuwazuia wengine wasinakili. Majina yakiwa matatu, mawazo ya alama mara nyingi ni ya yule wa *inv.*, na mchongaji ni mikono. Fundi kama Hendrick Goltzius wa Haarlem alikuwa vyote kwa pamoja, tena alichonga kwa mkono wa kulia ulioungua moto utotoni na kubaki umekakamaa.

Baada ya hapo nenda kwenye beti za chini. Hizi zinafanya kazi kama jina la kanga: ua laweza kuwa lilelile, lakini jina ndilo linalokwambia ni nani anayesemwa. Usiogope Kilatini. Programu za tafsiri husaidia ukizirekebishia mambo mawili kwanza. Herufi V kwenye chapa mara nyingi ni U, hivyo INGENIVM ni *ingenium*. Na kikiwapo kistari juu ya irabu, kuna M au N iliyomezwa.

Mara nyingine neno liko ndani ya picha yenyewe. Andrea Mantegna, fundi wa Italia ya karne ya 15, alichonga vita vya miungu ya bahari, viumbe wa maji wanaogombana hata kwa mafungu ya samaki. Ukizitazama misuli na mawimbi peke yake utaona fujo. Pembeni yupo bibi kizee aliyekonda, matiti yamelegea, ameshika kibao kilichoandikwa INVID. Ni *Invidia*, husuda. Ugomvi wote umepewa chanzo chake kwa herufi tano.

Hatua ya 3: Angalia mikono, kichwa, miguu, na mnyama aliye karibu

Nyuso hazikusaidii. Wachoraji hawa walitumia sura zilezile kwa miungu kumi. Vitu ndivyo vinavyotofautisha.

Jupiter ana tai, na mkononi radi iliyochorwa kama tita la miale. Neptunus ana mkuki wa meno matatu. Mercurius ana kofia au viatu vya mabawa na fimbo iliyozungukwa na nyoka wawili. Apollo ana kinubi au upinde, na jua kichwani. Diana, dada yake, ana hilali juu ya paji la uso, podo la mishale na mbwa wa kuwindia. Minerva huvaa chapeo na ngao yenye kichwa cha Medusa, mwanamke mwenye nywele za nyoka, na bundi hakai mbali. Vulcanus ana nyundo na mguu wenye kilema. Bacchus ana zabibu, Ceres ana masuke ya ngano, Saturnus ana mundu, na mara nyingine anamtafuna mwanawe.

Hao ni rahisi. Utamu unaanza vitu vinapokutana. Tausi peke yake ni Juno. Lakini ukiona tausi, ng'ombe jike mweupe, na Mercurius akimpulizia filimbi mchungaji anayesinzia, umefika kwenye kisa cha Io: Jupiter alimgeuza mpenzi wake kuwa ng'ombe, Juno akamweka Argus mwenye macho mia amlinde, Mercurius akamlaza na kumkata kichwa, na Juno akayapachika macho yale kwenye mkia wa tausi wake. Ndiyo maana Juno na tausi huwekwa pia kwenye picha za wivu wa ndoa.

Mfano mwingine: Venus, mungu wa kike wa mapenzi, amekaa anatetemeka, Bacchus anampa zabibu, Ceres anampa mazao. Goltzius aliupenda mchanganyiko huu akaurudia mara kadhaa. Unatoka kwenye mstari wa tamthilia ya kuchekesha ya Terentius, mwandishi wa Roma aliyeitwa Afer na anayesemekana kuzaliwa Carthago, Afrika Kaskazini: bila Ceres na Bacchus, Venus hupigwa na baridi. Bila chakula na kinywaji, mapenzi hayana joto. Haarlem ulikuwa mji wa watengeneza bia, kwa hiyo wanunuzi hawakuhitaji kueleweshwa sana.

Hercules ana rungu na ngozi ya simba, na hapo hutakosea. Ila mzunguke. Goltzius alikwenda Roma mwaka 1590 na kuichora sanamu maarufu ya Hercules wa Farnese, iliyofukuliwa mwaka 1546 kwenye magofu ya mabafu ya Caracalla. Chapa yake, iliyotolewa mwaka 1617, inamwonyesha kwa nyuma. Kwa mbele ungeona jitu lililochoka kuegemea rungu. Kwa nyuma unaona sababu ya kuchoka: mkononi, mgongoni, ameficha matofaa ya bustani ya Hesperides, aliyotumwa kuyaleta kama moja ya kazi zake ngumu. Kazi imekwisha. Chini kuna watu wawili wanaokodoa macho juu, nao wanaona upande ambao sisi hatuuoni.

Hatua ya 4: Jihadhari na wanaofanana

Mwanamke uchi si Venus mpaka ithibitike. Dai ushahidi: Cupido, yaani mwanawe mwenye mabawa na upinde, hua, tofaa, au ganda la bahari. Bila hayo anaweza kuwa Ukweli, ambaye naye huchorwa uchi kwa kuwa hana cha kuficha.

Mzee mwenye mundu mara nyingi ni Saturnus, lakini akiwa na mabawa na kioo cha mchanga amegeuka kuwa Wakati. Wasomi wa kale walichanganya Kronos, baba wa Jupiter, na Chronos, wakati, na wachoraji wakaufuata mchanganyiko huo bila kinyongo. Ukimwona mzee huyo anamwinua au kumfunua mwanamke uchi, ni Wakati akimtoa Ukweli gizani.

Diana anayemkumbatia nimfa, mungu mdogo wa kike wa misitu na maji, kwa mapenzi makubwa kupita kiasi si Diana. Ni Jupiter aliyejigeuza ili ampate Callisto. Tafuta tai, mara nyingi mchoraji amemweka pembeni ili tusidanganyike kama Callisto alivyodanganyika.

Mtego ninaoupenda zaidi ni wa Albrecht Dürer. Karibu mwaka 1501 au 1502 alichonga mwanamke mnene mwenye mabawa amesimama juu ya tufe, angani, na chini yake mji wa Klausen katika milima ya Alpi umechorwa nyumba kwa nyumba. Tufe na hali ya kuyumba ni vya Fortuna, bahati, na kwa muda mrefu chapa hii iliitwa Fortuna Kubwa. Lakini Fortuna hushika tanga lililojaa upepo, au gurudumu. Huyu mkono mmoja ana kikombe cha thamani, mwingine ana hatamu na lijamu. Kikombe ni cha kumtuza mnyenyekevu, lijamu ni la kumzuia mwenye kiburi. Ni Nemesis, na Dürer mwenyewe alimwita hivyo kwenye kumbukumbu za safari yake ya Nchi za Chini (Uholanzi na Ubelgiji za leo) ya 1520 na 1521. Tofauti ni kubwa. Fortuna hagawi kwa haki, Nemesis hagawi ila kwa haki. Na mji ule mdogo chini ya miguu yake unabadilika maana kulingana na yupi umemchagua.

Hatua ya 5: Tafuta kisa, kisha uliza kinatumiwa kumsema nani

Ukishapata majina, kisa kiko karibu. Chanzo kikubwa ni *Metamorphoses* ya Ovidius, kitabu ambacho Antonio Tempesta peke yake alikitengenezea chapa 150, zikatoka Antwerp mwaka 1606. Kabla ya kukiacha kisa, angalia mchoraji amechagua dakika ipi. Actaeon, mwindaji aliyemwona Diana akioga, anaweza kuchorwa akichungulia, akianza kuota pembe, au akiraruliwa na mbwa wake. La kwanza ni ashiki, la pili ni hofu, la tatu ni adhabu.

Hata hivyo kisa si maana. Mwaka 1531 huko Augsburg kilitoka kitabu cha mwanasheria Andrea Alciato, chenye picha ndogo za mbao na beti chini yake, na mtindo huo ukaigwa Ulaya nzima kwa zaidi ya karne. Kwenye vitabu vya Alciato, Actaeon aliyeraruliwa hahusiani na kuchungulia wanawake. Anasimama kwa ajili ya tajiri anayefuga wahuni nyumbani mwake, ambao mwisho wake humla yeye mwenyewe. Icarus, mvulana aliyeruka kwa mabawa ya nta, akianguka kutoka angani ni onyo kwa wanajimu. Zaidi ya nusu karne baadaye, mwaka 1588, Goltzius alitoa chapa nne za duara kwa kufuata michoro ya Cornelis Cornelisz van Haarlem: Tantalus, Icarus, Phaeton na Ixion, wote wakiporomoka kwenye anga tupu kwa kiburi chao. Maandishi yanayomzunguka Icarus yanasema maarifa ni zawadi ya Mungu na kutaka kujua ni jambo tukufu, lakini mtu abaki ndani ya mipaka yake. Mvulana yuleyule, mabawa yaleyale ya nta, mahubiri mawili.

Hercules ametumika zaidi ya wote. Kwa Alciato yupo Hercules mzee wa Gallia (Ufaransa ya leo), mwenye minyororo myembamba inayotoka kwenye ulimi wake kwenda kwenye masikio ya watu wanaomfuata kwa hiari: ufasaha unashinda nguvu. Na karibu mwaka 1520, katika chapa ya mbao inayodhaniwa kuwa ya Hans Holbein Mdogo, Hercules amevaa kanzu ya mtawa. Ni Martin Luther, anawapiga rungu Aristotle na Thomas Aquinas, na Papa ananing'inia kwenye pua yake. Asiyejua alama ya rungu na ngozi ya simba ataona mtawa mkorofi tu, na kwa kweli kuna waliomchukulia Luther hivyohivyo.

Hatua ya 6: Fanya zoezi zima kwenye chapa moja

Chukua Hukumu ya Paris ya Marcantonio Raimondi, iliyochongwa Roma kati ya 1510 na 1520. Fungua picha kubwa, anza chini kushoto. Kuna maandishi yanayosema Raphael wa Urbino ndiye aliyebuni, na MAF ni alama ya Marcantonio. Kuna pia maneno haya: SORDENT PRAE FORMA INGENIVM VIRTVS REGNA AVRVM. Yaani, mbele ya uzuri wa umbo, akili, ushujaa, falme na dhahabu ni takataka.

Sasa panda juu. Kijana aliyeketi anayetoa tofaa ni Paris, mwana wa mfalme wa Troya aliyekuwa akichunga mifugo, na aliyepewa kuamua ni mungu yupi wa kike aliye mzuri kuliko wote. Anayepokea ana Cupido mguuni, basi ni Venus, na juu yake Ushindi anashusha taji. Mwanamke anayenyoosha kidole kwa kumwonya Paris ana tausi: Juno. Yule aliyetupa mgongo, anajifunika nguo, ana ngao ya Medusa pembeni: Minerva. Mwenye fimbo ya nyoka ni Mercurius, aliyewaleta.

Rudi kwenye yale maneno manne yaliyotukanwa. Falme na dhahabu ni hongo ya Juno. Akili na ushujaa ni hongo ya Minerva. Kibao kile kimetaja walioshindwa bila kuwataja kwa jina, na kimesimulia hoja ya kesi nzima. Wala hakisemi kwamba Paris alikosea. Kwa hilo inabidi uangalie angani, ambako jua linaendesha farasi wake ndani ya duara la nyota, na Jupiter amekaa na tai wake akitazama kesi aliyokataa kuiamua mwenyewe. Kila mnunuzi aliyesoma shule alijua kilichofuata: Helena, mke wa mtu ambaye Venus alimwahidi Paris, merikebu, miaka kumi ya vita, Troya majivu. Chapa inasifu uzuri kwa maneno na inaweka mashahidi wa gharama yake juu ya mawingu. Mimi naiona kuwa ni kejeli, ingawa wapo wanaoisoma kama sifa tupu kwa sanaa.

Kulia chini wamekaa watu watatu wasiojali kitu. Ni miungu wawili wa mito na nimfa, alama ya mahali tu: hapa ni bondeni, penye maji. Nimfa anatutazama sisi. Mwaka 1863 mchoraji Mfaransa Édouard Manet aliwachukua watatu hao, akawavalisha wanaume makoti ya jiji la Paris, akamwacha mwanamke uchi, na watu wakakasirika. Alama zilipoondolewa hakubaki nimfa.

Hatua ya 7: Ukikuta Afrika kwenye picha

Utamkuta, hasa kwenye kurasa za mbele za vitabu vya ramani. Mwanamke mweusi, nywele za kujisokota, kichwani amevaa kichwa cha tembo, shingoni marijani, mkono mmoja nge, mwingine pembe iliyojaa masuke ya ngano, pembeni simba na nyoka. Usitafute Mombasa wala Kilwa ndani yake. Maelezo hayo yamo kwenye *Iconologia* ya Cesare Ripa, iliyotoka Roma mwaka 1593 bila picha na kupewa picha mwaka 1603, na Ripa aliyachukua kwenye sarafu za kaisari Hadrianus. Afrika hiyo ilikuwa jimbo la Roma kule Tunisia ya leo, na ngano ile ilikuwa chakula cha Warumi. Wachoraji waliitandaza juu ya bara zima kwa sababu kitabu kilikuwa mezani.

Pwani yetu inaguswa kweli mahali pengine. Martin Waldseemüller alichapa mwaka 1516 ramani ya ulimwengu ya karatasi 12. Kusini mwa Afrika, baharini, mtu amepanda dude la bahari lenye lijamu, mkononi fimbo ya kifalme na bendera ya Ureno. Ukifuata hatua za juu utasema Neptunus. Lakini hana mkuki wa meno matatu, na ana taji. Ni Mfalme Manuel, ambaye meli zake zilikuwa zimeipiga Kilwa na Mombasa mwaka 1505. Amevikwa kazi ya mungu wa bahari, na njia ya Bahari ya Hindi imekuwa farasi wake.

Ukikwama

Namba kama "B. 77" kwenye maelezo ya makumbusho au ya muuzaji inarejelea orodha ya Adam von Bartsch, iliyotoka Vienna kati ya 1803 na 1821. B. 77 ya Dürer ndiyo Nemesis. Itumie kutafutia, kwa kuwa majina ya chapa hubadilika kutoka jumba moja hadi jingine ila namba haibadiliki.

Ukitaka mada badala ya fundi, tumia Iconclass, mfumo wa Kiholanzi unaoipa kila mada msimbo. Visa vya kale vya Kiyunani na Kirumi vinaanza na 9. Venus ni 92C4, Hercules ni 94L. Andika msimbo kwenye tovuti inayoutumia, kisha fungua chapa kumi za mada moja kwa pamoja na utafute kinachokosekana kwenye ile yako. Na msimbo ukipingana na kilichoko mkononi mwa mtu kwenye picha, fuata mkono.